Theluji, Altare na Mlango: Usomaji wa Ishara za Usanifu wa Kanisa Katoliki kutoka Nyakiyumbu, Wilaya ya Kasese

Ikisiri

Uhakiki wa ishara za kidini katika majengo ya Kanisa Katoliki Afrika Mashariki mara nyingi huandikwa kwa namna ya orodha: mnara ni mbingu, nguzo ni mitume, umbo la msalaba ni mwili wa Kristo. Makala haya yanaihoji namna hiyo kwa kuitazama kutoka Nyakiyumbu, chini ya milima ya Rwenzori, mahali ambapo mlima wenyewe ulikuwa na maana ya kidini kabla ya kanisa la kwanza kujengwa. Kwa kutumia mgawanyo wa ikoni, kielekezi na alama ya mapatano, makala yanalinganisha Kanisa Kuu la Virika, Basilika ya Namugongo na kanisa la Mityana, kisha yanarejea kwenye kanisa la kawaida la matofali na mabati. Hoja kuu ni kwamba ishara ya jengo la ibada hudumu inapofungamana na mahali na tendo, na hufifia inapomtegemea mfafanuzi peke yake. Mapendekezo matatu yanatolewa kwa wapangaji wa ujenzi, wahifadhi wa urithi na wataalamu wa istilahi.

1. Utangulizi

Nyakiyumbu iko Bukonzo, katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Upande wa kaskazini milima ya Rwenzori inapanda hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Upande wa kusini ardhi inateremka kuelekea Ziwa Edward. Na kwa njia ya Bwera msafiri hufika Mpondwe, mpakani mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa upande huu wa mpaka na Wanande wa upande wa pili ni watu wa asili moja, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za biashara inayovuka mpaka huo. Kikanisa, eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo Katoliki la Fort Portal hadi mwaka 1989, lilipoundwa Jimbo la Kasese.

Katika jimbo changa la namna hii ujenzi ni kazi isiyokoma. Kigango cha miti na udongo hugeuka cha matofali. Kigango kikipandishwa hadhi na kuwa parokia, kanisa kubwa zaidi huhitajika. Na mara nyingi lililotangulia hubomolewa ili kulipisha jipya. Waamini huchanga fedha, hubeba mchanga na kufyatua matofali. Katika kila hatua mtu fulani huamua mlango utazame wapi, dirisha liwe na upana gani na altare ikae umbali gani kutoka benchi la kwanza. Maamuzi hayo kwa kawaida huonekana kuwa ya fundi na ya mweka hazina. Makala haya yanashikilia kuwa ni maamuzi ya kiteolojia pia, kwa sababu ndiyo yanayoamua jengo litasema nini kwa miaka hamsini ijayo.

Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: ni nini hufanya sehemu ya jengo la kanisa iwe ishara kwa watu wanaolitumia, badala ya kuwa ishara katika kitabu cha mwongozo tu?

2. Kanisa kama neno na kama nyumba

Kiswahili chenyewe kina mengi ya kusema juu ya swali hili. Neno kanisa limefika kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kiaramu, katika mzizi wenye maana ya kukusanya. Neno la Kigiriki ekklesia, ambalo kanisa hulitafsiri katika Agano Jipya, nalo humaanisha kusanyiko la walioitwa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaposema anakwenda kanisani, chini ya neno hilo kuna watu kabla ya kuta.

Istilahi za ndani ya jengo zina historia yake. Wakatoliki husema altare, neno la Kilatini, wakati Waprotestanti wengi husema madhabahu, neno la Kiarabu linalotokana na kuchinja. Mimbari, ambapo Neno la Mungu hutangazwa, ni neno ambalo msikiti nao unalitumia. Tofauti kati ya altare na madhabahu inabeba mjadala mzima juu ya sadaka na meza. Anayesema madhabahu husikia kafara ndani ya neno lenyewe. Anayesema altare hapati msaada huo, na maana hiyo lazima aipokee kutoka kwenye umbo la kitu na tendo linalofanyika juu yake. Hapa ndipo usanifu unapokabidhiwa kazi ambayo lugha haikuifanya.

Historia ya majengo inakubaliana na historia ya neno. Hekalu la Kirumi lilikuwa makao ya sanamu ya mungu; sadaka zilitolewa nje, na umma ulibaki nje. Wakristo walipopata uhuru wa kujenga hadharani katika karne ya 4, mfano waliouchukua ulikuwa basilika, ukumbi wa mahakama na shughuli za umma. Walichagua jengo la kukusanyikia, na maana zote zilizoongezwa baadaye zilisimama juu ya uamuzi huo wa kwanza.

3. Vigezo vya uchambuzi

Orodha mashuhuri kuliko zote za maana za kanisa ni ya Guillaume Durand, askofu wa Mende nchini Ufaransa katika karne ya 13. Katika kitabu chake Rationale divinorum officiorum, karibu kila sehemu ya jengo inapewa tafsiri: mawe ni waamini, na chokaa inayoyashikanisha ni upendo. Mtindo huo umerithiwa na vijitabu vingi vya katekesi. Ni mtindo wenye uzuri wake, lakini una udhaifu mmoja: haumwezeshi msomaji kujua ni tafsiri ipi ingebaki hai kama mfafanuzi angeondoka.

Mgawanyo wa Charles Sanders Peirce unasaidia kuziba pengo hilo. Ikoni humaanisha kwa kufanana na kinachomaanishwa, kama picha. Kielekezi humaanisha kwa kuungana nacho kwa hakika, kama moshi na moto. Alama ya mapatano humaanisha kwa sababu jamii imekubaliana hivyo, kama neno katika lugha. Sehemu nyingi za orodha ya Durand ni za aina ya tatu: zinaishi mradi kuna anayezifundisha. Ikoni na vielekezi hudumu kwa nguvu nyingine, lakini navyo vina hatari zake, kama mifano ifuatayo inavyoonyesha.

Mafundisho rasmi ya Kanisa yanaruhusu mjadala huu. Katiba ya Liturujia Takatifu ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, inaeleza kuwa Kanisa halikuufanya mtindo wowote mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba katika ujenzi izingatiwe ushiriki hai wa waamini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1215, inadai idhini ya askofu kwa maandishi kabla ya kanisa kujengwa, na kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu. Mlango wa kufikiri upya umeachwa wazi kisheria. Kinachokosekana mara nyingi ni vigezo vya kufikiria.

4. Theluji ya Roma, theluji ya Rwenzori

Kwa kuwa Nyakiyumbu ilikuwa chini ya Fort Portal hadi mwaka 1989, kanisa kuu la waamini wake lilikuwa Virika, upande mwingine wa mlima. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walianzisha misheni hapo mwaka 1895 na kuipa jina la Bikira Maria wa Theluji. Jina lilitoka Roma. Basilika ya Bikira Maria Mkuu, juu ya kilima cha Esquilino, inahusishwa na simulizi la theluji iliyoanguka katikati ya joto la kiangazi, na kumbukumbu yake ni tarehe 5 Agosti.

Uhamisho huu wa jina ulibadilisha aina ya ishara. Katika Roma theluji ni muujiza kwa sababu ilianguka pasipotarajiwa na ikayeyuka. Kilichobaki ni simulizi. Katika Virika theluji ipo mlimani mwaka mzima, karibu na mstari wa ikweta, na mtu huweza kuiona mawingu yanapofunguka. Alama ya mapatano iligeuka kielekezi. Jina la kanisa liliunganishwa na kitu kinachoonekana, na halikuhitaji kitabu.

Hata hivyo, nafasi ambamo jina hilo liliingia haikuwa tupu. Kwa Wakonzo, theluji huitwa nzururu, na jina Rwenzururu limetokana nayo. Katika imani ya asili theluji ni makao ya Kithasamba, ambaye uhai na ustawi wa watu humtegemea. Kutoka Fort Portal mlima ni mandhari. Kutoka Bukonzo mlima ni nyumbani, chanzo cha mito na kiti cha nguvu inayoheshimiwa. Mwaka 1962 theluji hiyohiyo ikawa jina la harakati ya kisiasa, pale Wakonzo na Waamba walioukataa utawala wa Ufalme wa Tooro walipojitangazia Rwenzururu yao. Kwa hiyo, ndani ya muda wa maisha ya mtu mmoja, theluji moja ilisomwa na misheni, na wazee wa mila, na wanaharakati. Mhakiki anayeandika kwamba jina la Virika humaanisha usafi wa Bikira Maria anasema kweli, lakini anasema theluthi moja ya kweli.

Kielekezi kina hatari yake pia: hutegemea uhai wa kitu kinachoelekezwa. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kufunika eneo la kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita ya mraba 1. Ikiisha, jina la Virika litarudi lilikoanzia, yaani kwenye simulizi linalohitaji kuelezwa. Mabadiliko ya tabianchi kwa kawaida hujadiliwa kwa kipimo cha maji na mazao. Hapa yanaonekana yakifuta pia maana ya jengo.

Fundisho la pili la Virika ni zito zaidi. Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la ardhi liliikumba Tooro na maeneo jirani ya Kongo, likaua zaidi ya watu 150 na kuliharibu kanisa kuu, hata likalazimika kujengwa upya. Ukuta mzito wa mawe au matofali ni ikoni ya kale ya uimara: kanisa juu ya mwamba, nyumba ambayo mvua na pepo haziiangushi. Ikoni hiyo ilikomaa katika nchi ambazo uzito wa ukuta ulikuwa kweli ulinzi. Katika Bonde la Ufa la Magharibi, ambalo Nyakiyumbu ni sehemu yake, ukuta mzito usiofungwa kwa nondo na ukanda wa zege ndio wa kwanza kuua. Tetemeko la Februari 1994 lililotikisa Kisomoro, karibu na Fort Portal, lilikumbusha jambo hilo tena. Jengo linaloonyesha uimara bila kuwa imara linatoa ushuhuda wa uongo, na kosa hilo ni la kiishara sawasawa na lilivyo la kihandisi.

5. Namugongo na Mityana: mipaka ya kuhesabu

Mifano inayotajwa sana nchini Uganda kuhusu usanifu wa Kikatoliki wenye sura ya Kiafrika ni kazi za msanifu wa Uswisi, Justus Dahinden. Basilika ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo, iliyotabarukiwa mwaka 1975, ina umbo linalokumbusha nyumba ya jadi ya Waganda na imeshikiliwa na nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki. Kanisa la Mityana limeundwa kwa vipande vitatu vya umbo la tufe, kwa kumbukumbu ya mashahidi watatu wanaohusishwa na mahali hapo: Noa Mawaggali, Luka Banabakintu na Matia Mulumba.

Majengo haya yana nguvu, lakini nguvu yake haitoki pale miongozo ya wageni inapoionyesha. Anayeingia Namugongo hahesabu nguzo. Akiambiwa ni 22 atafurahi, na akisahau ibada yake haitapungua. Idadi ni alama ya mapatano. Kinachowashika mahujaji wanaomiminika huko kila tarehe 3 Juni ni kingine: wanasimama mahali ambapo Karoli Lwanga alichomwa moto siku kama hiyo mwaka 1886. Altare inaelekeza kwenye tukio lililofanyika papo hapo. Hata kama paa lingekuwa la umbo jingine, kielekezi hicho kingebaki. Mityana inasimama katikati: vipande vitatu vinaonekana kwa jicho moja bila kuhesabiwa kwa taabu, na vinafunika kusanyiko moja. Hapo idadi imepewa mwili, na alama ya mapatano inakaribia kuwa ikoni ya watu watatu waliounganishwa na ushuhuda mmoja.

Tatizo la kiuhakiki linajitokeza pale umbo la Namugongo linapochukuliwa kuwa ndilo umbo la Kiafrika na kupendekezwa kila mahali kwa jina la utamadunisho. Nyumba ya Waganda ni ya Waganda. Kuihamishia Bukonzo ni kuazima kwa mara ya pili: kwanza kutoka Ulaya, sasa kutoka Kampala. Kwa watu ambao historia yao ya karne iliyopita ilitawaliwa na kukataa kusemewa na jirani, uazimaji huo si jambo dogo. Utamadunisho unaopunguzwa kuwa umbo la paa unaweza kuwa na ubaguzi uleule uliokuwa ndani ya mnara wa Kigothi, ila kwa sura inayopendeza zaidi.

6. Kanisa la matofali na mabati

Uchambuzi unaohusu majengo mashuhuri pekee ungewaacha nje waamini wengi wa Bukonzo, ambao husali katika jengo la mstatili lenye kuta za matofali, paa la mabati, msalaba juu ya pembe ya paa na altare upande wa mwisho. Wahakiki hulipita jengo hili kwa sababu linaonekana halina ishara. Likisomwa kwa vigezo vya mahali na tendo, lina ishara tatu zilizo wazi.

Ya kwanza ni mlango. Katika dini ya asili ya Wakonzo, kibanda kinachojengwa kwa ajili ya roho karibu na nyumba ni kidogo. Watu huweka sadaka na kuomba wakiwa nje. Kwa anayesoma ishara kutoka ndani ya mazingira hayo, upya wa kanisa haukuwa katika msalaba wala tao. Upya ulikuwa ukubwa wa nyumba ya Mungu na ruhusa ya wote kuingia: wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Ni badiliko lilelile lililotokea kati ya hekalu la Kirumi na basilika. Kwa hiyo mlango mpana, unaoonekana kutoka njiani, ni ishara iliyo na historia mbili nyuma yake. Kuufanya mwembamba, kuuweka nyuma au kuuinua juu ya ngazi zisizopandika na mgonjwa au mzee ni kuifuta ishara iliyo ya asili kuliko mnara wowote.

Ya pili ni mwanga. Mapokeo ya kale huelekeza altare mashariki, kwa kuwa jua linalochomoza ni mfano wa Kristo mfufuka. Nyakiyumbu iko karibu kabisa na ikweta. Huko jua huchomoza karibu na mashariki halisi katika miezi ya Machi na Septemba, na halisogei zaidi ya nyuzi 23.5 kaskazini au kusini katika miezi mingine. Saa sita mchana huwa karibu juu ya utosi. Hali hii inaipa ishara ya mashariki usahihi ambao Ulaya haina, kwa kuwa huko jua la kiangazi na la baridi huchomoza pande zinazotofautiana sana. Dirisha dogo la juu upande wa mashariki, likiwekwa kwa hesabu, lingeleta nuru ya asubuhi kwenye Misa ya kwanza mwaka mzima. Lakini madirisha makubwa ya pembeni yaliyoigwa kutoka nchi za baridi, yakikosa upenu, huleta joto bila kuleta maana. Pale barabara na mpaka wa kiwanja vinapoamua peke yake jengo litazame wapi, ishara isiyogharimu chochote hupotea.

Ya tatu ni sauti. Mtaguso uliinua heshima ya Neno, na mimbari ikapewa hadhi yake kando ya altare. Katika nchi yenye misimu miwili ya mvua, paa la bati lisilo na dari huinyamazisha mimbari mvua kubwa inapoanza. Padri husubiri, katekista hupaza sauti, na waamini wa nyuma hukosa somo. Hakuna maelezo ya kiishara yanayoweza kuinusuru mimbari isiyosikika. Dari ya mianzi, mikeka au mbao, inayopunguza kelele na joto, ina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa mapambo ya kiliturujia kabla ya vigae vinavyong'aa.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba kuutilia maanani mlima katika mpango wa kanisa ni kuirudisha ibada ya Kithasamba kwa mlango wa nyuma. Jibu liko Virika: waliofungua misheni ndio walioitia theluji katika jina la kanisa. Kinachotakiwa ni katekesi iliyo wazi juu ya uhusiano kati ya Muumba na kilichoumbwa. Kuugeuzia mlima kisogo hakuufanyi usionekane. Huenda pia ikasemwa kwamba parokia maskini haina fedha za ishara. Hoja hiyo inachukulia ishara kuwa ni nyongeza. Mwelekeo wa mlango, nafasi ya dirisha na umbali wa altare kutoka kwa watu hulipiwa hata hivyo, viwe vimefikiriwa au havikufikiriwa.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi umeonyesha kwamba ishara zinazotegemea mapatano pekee, kama idadi ya nguzo, huishi kwa hisani ya mfafanuzi. Zinazofungamana na mahali, kama altare ya Namugongo, hudumu mradi mahali panaheshimiwa, na kama theluji ya Virika inavyoonya, hufa mahali panapobadilika. Zinazofungamana na tendo, kama mlango, mwanga na mimbari, hujaribiwa kila Jumapili na hazimtegemei mtaalamu. Kwa makanisa ya Nyakiyumbu na maeneo yanayofanana nayo, aina hii ya tatu ndiyo inayostahili kutangulizwa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, mashauriano yanayodaiwa na kanuni ya 1215 na ya 1216 yajumuishe mhandisi anayefahamu ujenzi wa maeneo ya matetemeko pamoja na wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na uamuzi juu ya mwelekeo, mlango na dari ufanywe kabla ya msingi kuchimbwa. Utaratibu huo utaoana na Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya Uganda ya mwaka 2013. Pili, kabla ya kanisa la zamani kubomolewa, lipigwe picha, lipimwe na simulizi za waliolijenga zirekodiwe, kwa kuwa makanisa ya vigango hayamo katika fikra za kawaida za urithi wa taifa na yanatoweka bila kumbukumbu. Tatu, mabaraza na vyama vya Kiswahili vya kanda viandae orodha ya istilahi za usanifu wa ibada, ikilinganisha matumizi ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kiislamu, pamoja na lugha za wenyeji kama Kikonzo na Kinande. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Kamati ya ujenzi ya Bwera, ikiwa na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, inapaswa kuweza kujadili mimbari na altare katika lugha hiyo bila kuazima neno kwa kila tofali.